Maswali ya Wasomaji: Afya ya uzazi bila kuazima macho ya mtu

Safari hii safu tumewaachia wasomaji wasioona na wenye uoni hafifu wa Arusha na Moshi. Wengi walituma maswali kwa ujumbe wa sauti; tumeyafupisha na kuondoa majina. Hakuna picha hata moja hapa, ili anayesomewa na simu asipungukiwe na kitu.

Shikamooni. Nina simu ya Android, na TalkBack, kisomaji skrini chake, naimudu. Nikifungua ukurasa wa afya ya uzazi wa Kiswahili, sauti inasoma hovyo, sielewi kitu. Tena nalala chumba kimoja na wadogo zangu, naogopa watasikia. Nifanyeje? Kijana wa Ngarenaro, Arusha

Marahaba. Tuanze na matamshi. Simu yako inasoma Kiswahili kwa sauti ya Kiingereza, ndiyo maana "uke" unatoka kama "yuk" na sentensi nzima inageuka fumbo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya ufikivu, kisha tafuta kipengele cha kugeuza maandishi kuwa sauti. Chagua mtambo wa sauti wa Google, fungua data za sauti, pakua Kiswahili. Kwenye orodha kimeandikwa Kiswahili cha Kenya. Usijali, kinaeleweka vizuri. Kama simu imejaa, weka eSpeak NG, ambayo ni ya bure na nyepesi. Sauti yake ni kavu, lakini irabu haikosei. Hiyo hiyo imo ndani ya NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini kwenye kompyuta za Windows, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, wote wawili wasioona.

Ukishapakua na ukurasa bado unasomwa kizungu, kosa si lako. Mwenye ukurasa hakutangaza kwamba lugha yake ni Kiswahili, na habari yake iko kwenye swali la mwisho. Kwa sasa gusa skrini kwa vidole vitatu, menyu ya TalkBack ifunguke, kisha ubadili lugha ya kusoma mwenyewe.

Kuhusu siri: menyu hiyo hiyo ina kipengele cha kuficha skrini. Skrini inakuwa nyeusi huku simu ikiendelea kufanya kazi. Kwenye iPhone yenye VoiceOver, kisomaji skrini chake, gonga mara tatu kwa vidole vitatu. Tumia hedifoni za waya, sikio moja tu ili jingine lisikie anayeingia. Zile zisizo na waya zikiishiwa chaji, sauti inahamia kwenye spika katikati ya sentensi, na sentensi yenyewe ndiyo hiyo unayoiogopa. Kabla ya kuchomoa waya, gonga kwa vidole viwili, usomaji usimame. Soma kwenye dirisha la faragha la kivinjari, maana ndugu akiazima simu jambo la kwanza analokutana nalo ni kurasa ulizofungua.

Habari za kazi. Nimeoa, mimi na mke wangu wote hatuoni. Maelezo ya kondomu tuliyoyapata mtandaoni ni michoro. Tufanyeje kwa kupapasa? Msomaji wa Majengo, Moshi

Karibu michoro yote hiyo inaeleza kazi ya vidole, kwa hiyo hamko nyuma ya mtu. Mwenye macho naye akizima taa anapapasa tu.

Kazi inaanzia dukani. Tarehe ya mwisho wa matumizi haihakikishwi kwa kidole, hata pakiti iliyobonyezwa namba ukingoni. Nunua boksi zima, si moja moja zilizokaa kaunta juani. Muulize muuzaji mwezi na mwaka, kisha jirekodi kwenye simu. Programu ya Lookout ya Google inasoma maandishi kupitia kamera. Pakiti inang'aa, kwa hiyo ikishindwa kusoma, iinamishe kidogo mwanga usirudi kwenye kamera. Nyumbani zikae penye kivuli. Pochi ya mfuko wa nyuma inazipasha joto na kuzisugua.

Bonyeza pakiti katikati kwa kidole gumba. Nzima ina hewa, inadunda kama kimto. Ikiwa bapa, au nje inateleza mafuta, itupe. Isukume kondomu upande mmoja ndani ya pakiti, tafuta ukingo wenye vimeno, chana upande uliobaki mtupu. Usitumie meno, mkasi wala wembe, kwa sababu tundu dogo halisikiki kwa kidole.

Sasa upande, ambapo wengi hukosea. Iweke juu ya ncha za vidole viwili, ujaribu kuishusha nusu sentimita. Ikiteremka bila kulazimishwa, mviringo uko nje na upande ni sahihi. Ikigoma, igeuze, haijagusa kitu. Lakini ikishagusa uume kwa upande usio sahihi, tupa uchukue nyingine, kwa sababu majimaji ya mwanzo yanaweza kubeba VVU na hata mbegu. Kwa hiyo wekeni mbili karibu, si moja.

Bana ncha, kama sentimita moja, hewa itoke. Ukiwa bado umebana, viringisha hadi shinani, kisha pitisha kidole kuzunguka shina lote kuhakikisha pete imefika chini pande zote. Hewa iliyonaswa nchani hupasua kondomu, na ukavu pia. Kilainishi kiwe cha maji. Mafuta ya nazi, losheni na vaseline hulegeza mpira ndani ya dakika chache. Msivae mbili kwa pamoja.

Baada ya kumaliza, shika pete shinani utoke uume ungali umesimama. Mkitaka kujua kama imepasuka, tieni maji kidogo ndani, mbane juu, mpitishe mkono mkavu chini yake. Ikivuja, saa inahesabu: dawa za kuzuia VVU baada ya hatari zinaanzwa ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na kumezwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, vile watu wanavyoviita P2, vinafaa hadi saa 120, ila nguvu yake inapungua kila saa inayopita. Kwenu Moshi nendeni hospitali ya Mawenzi au ya KCMC.

Ikitumika sawasawa kila mara, katika wanawake 100 wanaoitegemea kwa mwaka mimba hutokea kwa 2. Kwa namna watu wanavyoitumia kweli, hutokea kwa 13. Tofauti hiyo inatokana na hayo tuliyoyataja, na pia kuivaa mmeshaanza.

Nitajuaje kama nina ugonjwa wa zinaa wakati sioni vidonda wala rangi ya uchafu? Dada wa Sakina, Arusha

Dada, rangi isikusumbue sana. Klamidia na kisonono kwa mwanamke mara nyingi havina dalili yoyote, kwa hiyo hata anayeona hajui mpaka apime. Unachoweza kukagua mwenyewe ni harufu iliyobadilika, majimaji mazito au mengi kuliko kawaida yako, muwasho, maumivu wakati wa haja ndogo au wa tendo, na maumivu chini ya kitovu. Nawa mikono, kucha ziwe fupi, upapase mashavu ya uke na kinena. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi na kwa kawaida kingo zake ni ngumu. Hupona chenyewe baada ya wiki 3 hadi 6, ugonjwa ukabaki mwilini. Kupona huko ndiko kunakodanganya watu. Ukipapasa kitu kipya, nenda ukapimwe kabla hakijapotea.

Vidole vyenu si vya kudharau. Ujerumani, daktari wa wanawake Frank Hoffmann alianzisha mpango unaofundisha wanawake wasioona kupima matiti kwa mkono, na wanafanya kazi hiyo kwenye kliniki.

Binti yangu haoni, ana miaka 12, karibu atavunja ungo. Mtandaoni nimekuta video tu zenye muziki na maandishi. Naanzia wapi? Mama wa Kibosho, Moshi

Mama, achana na video hizo. Video isiyosema kitu haimfundishi asiyeona, na wewe hutakuwapo kila siku kumtafsiria.

Anza na majina halisi ya viungo, bila mafumbo. Mtoto anayeona hukusanya habari kwa macho, kwa ndugu na kwa picha. Wako anazo zile tu alizoambiwa au alizogusa. Finyanga kwa udongo, au shona kwa kitambaa, umbo la nje la uke lenye matundu matatu kwa mpangilio wake: la mkojo mbele, la uke katikati, la haja kubwa nyuma. Aguse umbo kwanza, kisha nyumbani kwa faragha ajikague mwenyewe. Hapo ndipo atakapoelewa kwa nini anajipangusa kutoka mbele kwenda nyuma.

Pedi azifanyie mazoezi kabla ya damu kuja. Mpe tatu na chupi. Atafute upande laini na upande wa karatasi, abandue, alinganishe katikati ya mshono kwa kidole, abonyeze, kisha akunje mabawa chini. Anayekosea huweka gundi juu, na maumivu ya kubandua yanamtosha kuwa mwalimu. Abadilishe kila baada ya saa 4 hadi 6 kwa kengele ya saa au simu, asingoje kuhisi imelowa. Damu kwenye sketi hawezi kuiona, basi achague shoga mmoja wa kumwambia kwa neno la siri walilokubaliana. Iliyotumika aikunje kwa ndani na kuifunga kwenye karatasi ya ile mpya.

Jambo zito zaidi ni kuguswa. Mtoto asiyeona anashikwa na kila mtu, anavutwa mkono, anasukumwa kwenye daladala, mpaka anazoea kwamba mwili wake ni wa kushikwashikwa. Mfundishe kwamba anayemwongoza hutoa kiwiko, yeye ndiye anayekishika. Anayeshika kiuno "kumsaidia" aambiwe hapana kwa sauti. Namba 116 ya simu ya mtoto ni ya bure. Na kwa umri wake anastahili chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi: Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Nimenunua kipimo cha VVU cha kujipima. Nani atanisomea majibu bila mtaa mzima kujua? Msomaji wa Kijenge, Arusha

Kujipima kuliruhusiwa na sheria iliyorekebishwa mwaka 2019, ambayo pia ilishusha umri wa kupima kwa ridhaa yako mwenyewe hadi miaka 15. Cha majimaji ya fizi kama OraQuick unaweza kukifanya peke yako hadi hatua ya mwisho. Usile wala kunywa dakika 15 kabla. Mfuko una vyumba viwili: kimoja kina kichupa, kingine kina kijiti. Kisimike kwanza kichupa kwenye kishikio chake, ndipo uvute kizibo. Wengi hufungua kikiwa mkononi wakamwaga dawa, na bila dawa hakuna kipimo. Usiguse pamba ya kijiti. Ipitishe fizi ya juu mara moja, ya chini mara moja, izamishe, kisha weka kengele ya dakika 20. Majibu yasomwe kabla ya dakika ya 40.

Kusoma ndiko kwenye kigingi. Mstari mmoja kwenye alama ya C ni hasi, miwili, kwenye C na kwenye T, ni chanya, na mstari wa T hata ukiwa hafifu sana unahesabika. Hapo ndipo programu za kueleza picha zinapokosea, kwa hiyo usizitegemee kwa jambo hili. Usitume picha kwa rafiki WhatsApp pia, maana picha hubaki. Be My Eyes, programu iliyoanzia Denmark, hukuunganisha kwa video na mtu wa mbali asiyekujua. Wengine wanaona ni afadhali kuliko jirani. Ushauri wetu ni huu: macho ya kuazima yawe ya mtu mwenye kiapo cha siri. Peleka kipimo kwa mshauri wa kituo cha afya au Hospitali ya Mount Meru ukifanye mbele yake, au upimwe hapo hapo kwa damu ya kidole. Kipimo chanya cha nyumbani lazima kithibitishwe kituoni. Hasi haihesabu hatari ya miezi 3 iliyopita. Na aliye kwenye ARV asikitumie, kinaweza kusema hasi ya uongo.

Kipimo cha mimba cha mstari kina shida hiyo hiyo. Uingereza, shirika la wasioona RNIB lilionyesha mwaka 2020 mfano wa kipimo chenye vinundu vinavyoinuka; kilikuwa cha majaribio, si cha dukani. Zahanati watakusomea.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyote vina umbo moja. Navitofautishaje? Mama wa Pasua, Moshi

Kwa mahali, mama. Pakiti nyingi za 28 zina safu nne za saba: tatu za homoni, ya nne ni ya madini ya chuma. Muombe nesi akuonyeshe kwa kidole kidonge cha kwanza, ukate kona ile kwa mkasi papo hapo. Safu ya nne ifunge kwa gundi ya karatasi ili usiianze kimakosa. Meza saa ile ile kila siku, na kidole kitakuambia vishimo vilivyopasuliwa. Ukisahau kimoja au viwili, meza mara unapokumbuka na uendelee. Ukisahau vitatu au zaidi vya homoni, endelea ila tumia kondomu siku 7. Kama ni safu ya tatu, maliza ya homoni, ruka ile ya nne, anza pakiti mpya kesho yake. Ukitapika ndani ya saa 2, rudia.

Ikikuchosha, kijiti cha mkononi unakipapasa chini ya ngozi na hakina hesabu ya kila siku.

Nikienda kliniki, nesi anaongea na anayenisindikiza: "Anasumbuliwa na nini?" Nifanye nini? Msomaji wa Njoro, Moshi

Mwambie, "Nesi, mgonjwa ni mimi, naomba uniulize mimi." Kisha mwambie msindikizaji asubiri nje, na mpatane hivyo mkiwa bado nyumbani, si mlangoni pa daktari. Fomu yoyote isomwe yote kwa sauti kabla ya kidole gumba. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 25 inataja afya ya uzazi kwa jina. Sheria yetu ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2010. Nesi mwingi wa maneno hupoa ukizitaja kwa upole.

Sisi ni kikundi cha vijana, tunatengeneza elimu ya afya ya uzazi mtandaoni. Tumeambiwa wasioona hawaipati. Turekebishe nini? Vijana wa Kaloleni, Arusha

Bango la WhatsApp lenye maandishi ndani ya picha, kwa kisomaji skrini, ni neno moja: "picha". Karatasi iliyopigwa skani ikawa PDF haina tofauti. Andikeni ujumbe wote kama maandishi ya kawaida chini ya picha.

Kwenye ukurasa, jambo la kwanza ni kutangaza lugha, lang="sw", kwenye mstari wa juu kabisa. Ni herufi chache, na zinaondoa tatizo alilolisema kijana wa Ngarenaro. Vichwa viwe vichwa kweli, si maandishi yaliyokozwa tu, ili msikilizaji aruke moja kwa moja hadi "Kondomu ikipasuka" bila kupitia historia ya kikundi chenu. Kila kitufe kiwe na jina. Kile cha kutoka haraka, ambacho kurasa nyingi za mambo haya huweka, mara nyingi ni alama tu, na anayekihitaji kuliko wote ndiye asiyekipata. Msiweke mitihani ya kutambua picha za taa za barabarani kabla ya mtu kuuliza swali.

Maelezo ya picha yabebe kazi ya picha. "Picha ya kondomu" haisaidii. Andikeni: "Vidole viwili vimebana ncha ya kondomu hewa itoke, mkono wa pili unaiviringisha hadi shinani." Kama mnaona aibu kuyaandika hayo, basi picha nayo msingeiweka.

Wenye uoni hafifu wanahitaji weusi na weupe unaoachana: uwiano wa 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kijivu juu ya waridi, rangi pendwa ya kurasa za wasichana, hushindwa karibu kila mara.

Sauti ndiyo mkombozi wa bando. Mazungumzo ya dakika 10 yaliyorekodiwa kwa chaneli moja, kilobiti 32 kwa sekunde, ni kama megabaiti 2.4. Video ya muda huo ni mara nyingi zaidi. Gaweni kwa mada, dakika 3 hadi 5, na jina la faili lisiwe "audio0047", wala lisipige kelele "Magonjwa ya zinaa" kwenye simu ya familia. "Somo la 4" linatosha, orodha ya mada ikae kwenye ukurasa.

Mkimaliza, waleteni wasioona wasiopungua watano, wa umri tofauti, wawili wawe hawajawahi kutumia simu janja, kupitia tawi la Chama cha Wasioona. Wapeni kazi ya kufanya, msiwaombe maoni tu: "Tafuta vidonge vya dharura vinafaa hadi saa ngapi." Kaeni kimya, mhesabu dakika. Walipeni nauli na siku yao. Na wale wa vitochi wapeni namba 199 ya Wizara ya Afya, ni bure, waulize kwa mdomo.